Karamu ya Jaani

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko, vinu na majirani wa kusengenya, paliishi Mama Digidigi na watoto wake watatu. Mwili wake mdogo, lakini akili yake, wacha tu! Jirani yake alikuwa Mzee Kiboko, mkubwa wa kijiji. Na nyie mnaotupa maganda nyuma ya mlango, msidhani sijawaona. Sikilizeni.

Mwaka huo masika yalikuwa mazuri. Maboga yalinona, mahindi yakabeba, kunde zikatambaa hadi njiani. Asubuhi moja Kiboko akatoka mtoni na haraka zake, akakatiza katikati ya bustani ya Digidigi. Pwata! Pwata! Pwata! Hakikusalia hata kitoto cha boga.

"Mtume! Mzee Kiboko, umenimaliza!"

"Bustani gani? Mimi nimeona majani tu," akajibu bila hata kugeuka.

Sasa, desturi ya kijiji ilikuwa hivi: kila mavuno, kila nyumba hulisha kijiji kizima siku moja. Anayeshindwa hunyang'anywa shamba, likawa la mkubwa wa kijiji. Zamu ya Digidigi ilikuwa imebakiza siku nne, na Kiboko alikuwa ameanza kulitamani shamba lile.

Digidigi akaenda kwake kuomba maboga mawili.

"Sina," alisema Kiboko, na ghala limejaa hadi mlango haufungi!

Rafiki yake Nyati akacheka, "Kwi! kwi! kwi! Akapike mawe!"

Digidigi akalia. Nani asingelia? Kisha akapangusa macho.

"Basi, wazee wangu, niruhusuni hata niwasafishie majaa yenu. Yananuka, na mavuno ni wakati wa wageni."

"Chukua yote!" Kiboko akasema. "Usirudishe hata kimoja!"

Lo! Mnajua jaani kulikuwa na nini? Wale walikula nyama ya boga, mbegu wakatupa, na majani machanga wakatupa. Walikula punje za mahindi, magunzi mabichi wakatupa; walikula ndizi, maganda wakatupa. Majani ya kunde ndiyo kabisa, walisema ni aibu kuonekana nayo. Nasema hivi na moyo unaniuma.

Kazi ikaanza. Mtoto mkubwa akamenya nyuzi za majani ya maboga. Wa pili akakaanga mbegu, ta! ta! ta!, akazitwanga, twa! twa! twa!, hadi zikatoa mafuta. Wa tatu akachemsha magunzi, yakatoa supu tamu. Maganda ya ndizi mama mtu aliyaanika, akayachoma, akalichuja jivu lake kwa maji, akapata magadi ya kulainishia majani ya kunde. Harufu ya mapishi ilivuka mto.

Siku ikafika. Kiboko akaja na kamba ya kupimia shamba. Akakaa, akaonja. Akaonja tena.

"Salaale! Hiki nini?"

"Kula, mzee wangu, kinapoa."

Akala! Nyati naye akala hadi jasho likamtoka. Kiboko akalamba sahani mbele ya kijiji kizima, mara akaruka juu.

"Mwizi! Vitu hivi vimetoka ghalani kwangu! Wewe boga ulipata wapi?"

Wote wakashtuka. Watoto wa Digidigi wakajificha nyuma ya chungu.

Digidigi akaleta maji. "Nawa kwanza, mzee wangu. Mchuzi umekufika viwikoni."

Kiboko akanawa, huku anatweta. Na pale kijijini, mgeni akishanawa ndiyo amekiri: nimelishwa, nimeshiba, ahsante.

"Haya, nimenawa! Sema!"

"Havikutoka ghalani kwako. Vimetoka jaani kwako. Uliniambia nichukue yote, Nyati shahidi."

Kiboko akaachama lile domo lake lote, nzi akaingia akatoka.

"Toba!" akalia Nyati. "Nimekula taka! Na nimeongeza mara tatu!"

"Ptuu!" Kiboko akatema mate. "Hiki si chakula! Hajatulisha! Shamba ni langu!"

"Umenawa, mzee!" kijiji kikapiga kelele. "Umenawa! Tumekuona!"

Kiboko akaitazama mikono yake. Ilikuwa safi, inang'aa. Akageuka kumtafuta mkewe, angalau mmoja amtetee.

Bi Kiboko alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Mama wee! Miaka yote hii ninatupa! Digidigi, shoga yangu, zile mbegu umezikaanga na chumvi au bila?"

"Mke wangu! Hata wewe?"

"Nyamaza, baba. Umelamba sahani."

Shamba likabaki kwa Digidigi, na mimi nimewaambieni: mwenye dharau huitupa riziki yake kwa mkono wake mwenyewe.