Jinsi Kibuyu Kilivyopata Shingo

Enzi za mababu wa mababu zetu, kibuyu hakikuwa na shingo. Kilikuwa mviringo mtupu. Mtu alikikata juu, akatumbukiza uso mzima, akanywa kama ndama. Adabu ya kunywa maji ilikuwa bado haijazaliwa.

Siku hizo, chini ya mlima, koo mbili zilitumia kisima kimoja. Kiangazi kikikaza, kijana mmoja wa kila ukoo alikimbia kutoka kisimani hadi kileleni, akanywa maji aliyowekewa huko, kisha akarudi mbio. Ng'ombe wa mshindi walikunywa kwanza. Wa mshindwa waliramba tope.

Nakijwa, binti wa ukoo ulioshindwa kila mwaka, alichoka na tope hilo. Ng'ombe wao alikuwa amebaki mmoja tu, tena mwenye mimba, na mbavu zake zilihesabika. Mdogo wake, Kiondo, alikuwa na mbio za ajabu. Kila mwaka alitangulia kileleni, na kila mwaka alishindwa. Alikibugia kibuyu kizima kwa mkupuo mmoja, akateremka tumbo likicheza, kisha akaanza kuchepuka vichakani kukojoa, mara hapa, mara pale. Akifika bondeni, koo limekauka kana kwamba hakuonja hata tone, na miguu imegoma.

Mpinzani wake, Sempombe, alikuwa na jino bovu. Maji baridi yalimuuma, kwa hiyo alikunywa kidogo kidogo huku amekunja uso. Watu walimcheka, lakini mshindi alikuwa yeye.

Jioni moja Nakijwa alikuwa akimwagilia bustani yake. Maji aliyoyamwaga kwa pupa yaliteleza juu ya udongo mkavu, yakaishia njiani. Aliyoyadondosha taratibu yalizama mpaka mizizini. Akasimama, akalikumbuka lile jino, akacheka peke yake.

Asubuhi alichukua ukanda wa gome akalifunga mumunye changa katikati, likiwa bado kwenye mmea. Likakua limebanwa: chini tumbo, juu shingo nyembamba. Lilipokauka akatoa mbegu, akalijaza maji.

"Dada, hiki kitanitilia maji kama dawa ya mtoto!" Kiondo alilalamika. "Unataka nife na kiu?"

"Nataka ng'ombe wetu azae," alijibu Nakijwa. "Kunywa, kisha unitukane."

Siku ya mbio, Kiondo alikaa kileleni akinyonya kile kibuyu kwa hasira, funda baada ya funda, huku Sempombe akifika na kuanza kunywa kando yake. Waliinuka pamoja. Safari hii Kiondo hakukitazama kichaka hata kimoja. Alipotokea bondeni mbele ya Sempombe, mwili wake bado una maji ya kutoa jasho, na miguu yake inamtii, Nakijwa alipiga kigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Ng'ombe wao alikunywa maji safi, polepole, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Nakijwa alimshika pembe, akalia kwa furaha mbele za watu bila kujificha. Kisha akagawa mbegu za kile kibuyu kwa koo zote mbili, na Sempombe akapewa fungu kubwa, maana jino lilikuwa lake.

Mbegu zile hazikuusahau ule ukanda. Na tangu siku hiyo vibuyu huota na shingo zao bila kufungwa na mtu, na anayetoka juani akiwa hoi hupewa maji kwa kibuyu, akae chini, anywe mpaka mwili umpokee.