Wakfu wa Bwana Chui

Ngano iko mlangoni!
— Ifungulieni, iingie!
Imekuja na uongo mkobani.
— Tutaupepeta, chenga tutakurudishia!

Ilikuwa siku ya Jumanne, mwezi kumi na nne Rajabu, saa tatu na robo ya asubuhi, kwa kipimo cha kivuli na si kwa kukisia, Pimbi aliposhuka kutoka jabalini kwake kwenda kuzungumza na Chui.

Pimbi ni mnyama mdogo wa mawe. Hana pembe, hana mkia, ana sauti tu. Kwa sauti hiyo aliadhini mara tano kila siku, kisha akasubiri safu ijae. Haikujaa. Chini ya jabali palikuwa na chemchemi moja, na kando ya chemchemi alilala Chui. Swala alikuja kunywa: nyaku! hakurudi. Kanga alikuja kunywa: nyaku! hakurudi. Digidigi alikuja kunywa: nyaku! hakurudi. Waliosalia wakahama, na pimbi wenzake wakahama nao. Yeye aliona haya kuliacha jabali bila adhana. Akabaki. Akalamba umande, akatayamamu kwa vumbi, akaadhini, akasali peke yake. Lakini alfajiri ya Jumanne hiyo alifungua kinywa, na koo kavu likatoa "khhh" tu.

Ndipo aliposhuka.

"Asalaamu alaykum, Bwana Chui."

"Wa alaykum salaam, ewe usiye na mkia. Umekuja kunywa au kuliwa?"

"Nimekuja kuuliza. Ya dunia umeshiba?"

"Nimeshiba hata kujinyoosha naona uvivu."

"Na ya akhera?"

Chui akainua sikio moja. "Huko nako kuna nyama?"

"Kuna kila ambacho nafsi inakitamani."

"Basi nayataka yote mawili! Ya huku na ya kule!"

"Ya kule hayanyakuliwi kwa makucha, bwana wangu. Lakini mwenye kutoa maji kuwa wakfu, kila mwenye kiu anayekunywa humpatia thawabu."

"Hata nikiwa nimelala?"

"Hata ukiwa kaburini."

Chui akacheka hadi masharubu yakatetemeka. "Wao wanywe, mimi nilale, thawabu zije! Kwa nini hukuniambia mapema, mpumbavu wewe? Natoa! Natoa leo hii!"

"Mbele ya mashahidi," akasema Pimbi, "na ukishatoa kitu, hakirudi. Wakfu hauuzwi, haurithiwi, haurejeshwi."

Wakaitwa Kobe na Kunguru. Chui akatamka mbele yao kwamba chemchemi ni wakfu kwa kila mwenye kiu. Pimbi akainama, akasema bismillahi, akanywa: gu, gu, gu.

"Imeandikwa?" Chui akauliza.

"Aandikaye hasahau."

Adhuhuri ile Pimbi aliadhini, na sauti ikavuka bonde. Swala mmoja aliyekuwa mbali akaisikia, akaja akitetemeka, akainamisha shingo majini. Chui akajikunja, tayari kuruka.

"Mle, Bwana Chui," akasema Pimbi kutoka juu ya jiwe. "Ila nani atakunywa kesho badala yake?"

Tumbo la Chui likanguruma: ngrrr. Chui naye akanguruma: "Kunywa! Kunywa tena! Mbona unaonja kama mgonjwa?"

Toka siku hiyo Chui aliwinda ng'ambo ya bonde, akarudi mbio kuchunga wanywaji wake. Swala alikuja kunywa: gu, gu! akarudi. Kanga alikuja kunywa: gu, gu! akarudi. Mvua iliponyesha na wanyama wakanywa madimbwini, Chui alilia kwa hasira: "Nani huyu anayemwaga maji yasiyo yangu?"

Pimbi wenzake nao wakarejea. Wakanywa, wakamwombea Chui maisha marefu, wakajenga karibu na maji. Pimbi alipoadhini, waliitika kutoka chini: "Tunakuja, mjomba! Tukishakunywa!" Akasubiri. Walikunywa hadi kivuli kikageuka, wasije. Akakimu, akasali peke yake.

Alasiri moja Chui alipanda jabalini. "Mbona unasali peke yako kila siku? Kwani mtu akisali na mwenzake anazidishiwa?"

Pimbi akayatazama makucha ya mgeni wake. Akisema uongo, atalala salama na upweke wake. Akisema kweli, je?

"Sala ya jamaa," akasema kwa sauti ndogo, "huishinda ya peke yake kwa daraja ishirini na saba."

"Ishirini na saba!" Chui akateremka mbio, akatawadha, chubwi-chubwi, akarudi akidondosha maji. "Nisimame wapi?"

"Maamuma akiwa mmoja, husimama kuliani kwa imamu. Nyuma kidogo."

"Nyuma kidogo," akasema Chui. Maneno hayo yalimpendeza mno.

Pimbi akakimu. Pumzi ikamwangukia shingoni, hhah, hhah, ya moto. Hakugeuka. Akarukuu, pumzi ikarukuu. Akasujudu, kisogo wazi, pumzi ikasujudu. Mwisho akageuza uso kuliani kutoa salamu, akakutana na macho mawili ya manjano.

"Kesho saa ngapi?" akauliza Chui.

Funzo la ngano ni hili, wanangu: msipunguze choyo, kiongezeni. Cha Chui kilikuwa kibaya kwa sababu kilikuwa kifupi, kiliishia mdomoni.

Nimenena, nimetua.
— Umetua, tumebeba!

Lakini msibebe yasiyokuwemo. Wako wanaosema Chui alitubu siku ile. Hakutubu, alikuwa akichuma. Wako wanaosema Pimbi alimdanganya. Hakusema hata neno moja la uongo, ndiyo maana ujanja wake haukupata dawa. Na wako wanaosema kwamba Pimbi alipotoa salamu alitokwa na machozi ya hofu. Hao ndio waliokosea zaidi. Tangu wenzake wahame, ilikuwa mara ya kwanza salamu yake ya kuliani kumkuta mtu.