Paka Aliyehamisha Watoto Wake Melini

Hapo zamani sana, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa na miji yao, majiko yao na vita vyao kama sisi, Faru alikuwa nahodha wa manowari kubwa. Mabaharia wake walikuwa nyati na ngiri, nao walipigana na meli za Mamba.

Humo melini aliishi paka aitwaye Mwatime. Kazi yake ilikuwa kukamata panya. Alikuwa amezaa watoto watatu chini, karibu na tanuri, mahali alipofanya kazi Sokwe Maganga, mchochea makaa. Maganga aliwatandikia shati lake walalie. Mabaharia nao waliwateremshia vipande vya samaki, kwani waliamini kwamba paka akilea watoto melini meli haizami, na akiwahamisha, basi imekwisha.

Siku moja vita vilikuwa vikali. Gubu! Gubu! Moshi wa mizinga ukashuka hadi kwenye tanuri, na watoto wa Mwatime wakafa wote kwa kukosa hewa. Maganga akawafunika kwa lile shati.

"Usimwambie mtu," Mwatime akamwomba. "Sitaki waje kunitazama."

"Sisemi, dada yangu."

Meli ikarudi bandarini. Asubuhi yake, Mwatime akifukuza panya chini kabisa ya meli, akasikia chwee, chwee, chwee. Ubavu ulikuwa umepasuka, maji yanaingia nyuma ya magunia. Akapanda mbio kwa Faru.

"Nahodha, meli imepasuka. Tukitoka hapa tutazama."

"Kazi yako ni panya," Faru akasema. "Mamba ananingoja, na leo tunaondoka. Ukiwatia watu wangu hofu kwa maneno hayo, nitakutosa baharini."

 Mwatime akashuka hadi kwenye tanuri, akambeba mtoto mmoja kwa meno ili akamzike nchi kavu kabla meli haijaondoka. Alipofika kwenye ngazi ya kuteremkia, nyati mmoja alimwona, akaacha kazi yake.

"Jamani," akasema polepole, "paka anahamisha watoto."

Mabaharia wote wakageuka, nyuso zimewasawijika. Hapo ndipo Mwatime alipopata wazo. Akamlaza mtoto chini ya mtumbwi uliopinduliwa pale gatini, akasema kwa sauti ya kusikika, "Tulia hapo, mama anamfuata mwenzako." Kisha akarudi mbio kama mama mwenye haraka.

Alipompitisha wa pili, ngiri walikuwa wameanza kufunga mizigo yao. Alipomfuata wa tatu, akamkuta Faru amesimama mlangoni pa tanuri.

"Maganga," Faru akauliza, "watoto wa paka ni wazima?"

Maganga akamtazama Mwatime. Hakujua Mwatime alikuwa akifanya nini. Alidhani anaficha msiba wake tu.

"Wazima, nahodha."

Mwatime alitaka kumwambia kila kitu, ila Faru hakubanduka. Kwa hiyo Mwatime akasema tu, "Kaka, twende nje unisaidie kidogo."

"Siwezi kuacha moto sasa," Maganga akajibu kwa upole. "Tangulia. Nitakuwekea maziwa."

"Twende, kaka. Nakuomba."

"Nenda, paka," Faru akafoka.

Akambeba wa tatu, akaenda. Nyuma yake mabaharia wakashuka, gudu, gudu, gudu, ngazi ikitetemeka. Faru akatoka juu akiwaka hasira. "Waoga nyinyi! Nitakwenda bila nyinyi!" Akaivuta ngazi na kukata kamba. Mwatime alikuwa amekwisha kumlaza mtoto wa tatu na kugeuka, lakini kati yake na meli palikuwa na maji.

"Maganga!" akaita. "Toka, kaka! Meli inazama!"

Vuuuu! Honi ikameza sauti yake. Maganga alikuwa chini, akitia makaa.

Meli haikufika mbali. Ililala ubavu mbele ya macho yao, hata kabla haijaonana na Mamba, ikazama. Hakurudi Faru, wala Maganga.

Baadaye nyati yule wa kwanza akamwendea Mwatime na samaki mkononi. "Watoto wako wametuokoa. Tuonyeshe tuwalishe."

Mwatime akamwelekeza kwenye mtumbwi. Nyati akauinua, akainama, akavua kofia yake. Wengine wakavua zao.

"Kumbe ulitudanganya," akasema.

"Niliwadanganya."

"Na Maganga?"

"Yeye alijua wamekufa," Mwatime akasema. "Aliniona nawabeba, akajua nakwenda kuzika. Hakuona sababu ya kushuka."

 Nyati akachukua jembe, akaanza kuchimba, na Mwatime akakaa pembeni akitazama bahari.

Wajukuu zangu, hila yaweza kuokoa watu wengi, lakini yule anayekutunzia siri, mpe ukweli mapema.