Kitovu cha Mkate wa Chai

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni pakawa ya watu walioshiba ugali. Sogeeni, moto huu si wa mtu mmoja. Na wewe uliyeshika kikombe, acha kukoroga. Chai ya vijiko vinne vya sukari ni uji huo, hata ukikoroga mpaka kesho. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisalimiwa na wao wakiitikia, kulikuwa na nchi ya milimani, kwenye ukungu, ambako michai ilikuwa mirefu hata watu wakaichuma kwa ngazi. Watu wa huko hawakuwa na papara kama nyinyi. Majani waliyafukiza kwa mvuke, wakayafunga kwenye kitambaa, wakayalaza chini ya jiwe, na mtu mzito akapanda juu ya jiwe akasimama. Ukitoka hapo ni mkate wa chai, mviringo, mgumu, mpana kama sahani. Usoni ni laini. Nyuma una kishimo, pale fundo la kitambaa lilipobonyea, na kishimo hicho waliita kitovu. Mkate ulivishwa maganda ya mgomba, ukawekwa darini, mbali na moshi na mbali na unyevu, ukomae. Mwaka mmoja, si kitu. Miaka kumi, ni kitu. Miaka kumi na minane, hapo ndipo mtu anakunywa na kuanza kucheka peke yake.

Basi mila yao ilikuwa hii. Akizaliwa binti, mama yake hutengeneza mkate wa chai wiki ileile, nao haufunguliwi mpaka siku ya harusi. Siku hiyo kila mtu wa upande wa bwana harusi lazima apate kikombe. Bibi harusi hunywa wa mwisho, kisha husema mbele ya watu, "Imekomaa." Akishasema, ni mke. Chai ikiisha kabla, au neno lisiposemwa, wageni hukunja mikeka yao wakarudi kwao, na posa imekufa. Msiniulize kwa nini, mimi sikuwapo walipokubaliana.

Huko aliishi Bi Semeni, na binti yake akiitwa Tunu. Tunu alipozaliwa, Bi Semeni alitengeneza mkate mzuri ajabu, akaupandisha darini, akamweka Nguchiro awe mlinzi, maana panya wa milimani nao wanapenda chai. Nguchiro akala kiapo kwa mkia wake.

Mwaka haujaisha, Bi Semeni akaanza kuhangaika. Je, kama chai imeota ukungu? Je, kama imekufa? Mchana mmoja, Nguchiro akiwa ameenda kunywa maji, akachukua shazia, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka, akapanda ngazi. Usoni hakugusa, mtu angeona. Akachokonoa kitovuni, akatoa kipande cha kujaza kucha, akakitia maji ya moto. Ilikuwa chungu hata masikio yakamcheza. Akasema bado kidogo, akarudisha mkate mahali pake, akajiambia: nimeonja tu, kidogo tu, kwa nia njema tu.

Mwaka uliofuata akaja wifi yake, Shangazi Kibibi, mwanamke mwenye utaalamu wa kila kitu. Naye akawaza kwamba chai ya mwana wa kaka yake haiwezi kuachwa bila kukaguliwa na mtu anayejua. Bi Semeni akiwa bondeni anachota maji, shangazi akapanda ngazi na shazia ileile. Akaonja, akakuta inanuka kafuri. Bado kidogo, akasema. Nimeonja tu, kidogo tu, kwa nia njema tu.

Na mlinzi? Mnadhani mlinzi alikaa tu anatazama maganda ya mgomba? Nguchiro ana makucha, shazia ya nini. Mlinzi gani, alisema, asiyejua anacholinda? Akaonja, akakuta ladha ya tende kavu, akacheka juu ya paa mpaka Tunu akatoka kuuliza kuna nini. Akajibu kuna kitu amekikumbuka. Bado kidogo. Kidogo tu. Kwa nia njema tu.

Ikawa hivyo miaka kumi na minane. Watatu hao kila mmoja alijiona yuko peke yake, na wote walichimba kitovuni. Tunu hakugusa. Kwanza ni mwiko kwa mwenye harusi kuonja kabla ya siku yake, na pili Tunu alikuwa mtu wa kushika neno.

Akaja Hoza kuposa, kijana mpole wa bonde la pili, na Tunu alimpenda, tena hakuficha. Siku ikapangwa. Asubuhi ya harusi Bi Semeni akaushusha mkate, akashangaa ulivyo mwepesi. Akaugonga, ukalia kama ngoma. Akaugeuza. Mkono wake mzima ukaingia ndani.

Ulibaki ganda tu, jamani. Uso mzuri kule mbele, na nyuma yake pango.

Akamshika Nguchiro kwa ngozi ya shingo. Nguchiro akakiri, akasema alionja tu, kidogo tu, kwa nia njema tu. Lakini akaomba watu watazame ukingo wa shimo, ule mwembamba. Je, hayo ni makucha au ni shazia? Shangazi Kibibi akaanza kukohoa. Akasema alionja tu, kidogo tu, naye kwa nia njema. Bi Semeni akavuta pumzi amtukane wifi yake, akaikumbuka shazia yake mwenyewe. Akaketi chini, akajifunika uso kwa kanga.

"Kidogo tu," akasema ndani ya kanga.

Tunu alikuwa amesimama mlangoni, kapakwa hina, amesikia yote.

"Mama," akasema, "watu arobaini wanapanda mlima sasa hivi. Na mimi Hoza namtaka."

Akalichukua lile ganda, akalifuta vumbi, akasema leo chai ataipika mwenyewe, na asimsogelee mtu.

Wageni wakafika, mbele yao Bi Mwantumu, bibi yake Hoza, kizee mwenye ulimi ambao haujawahi kudanganywa na chungu chochote. Ilikuwa haki yake kuuona mkate kabla haujavunjwa. Tunu akampa. Kizee akautazama usoni, akaridhika. Kisha akaugeuza.

Hoza akaacha kutafuna.

"Nani kauchimba huu?" akauliza Bi Mwantumu.

Tunu angeweza kusema ni panya. Hakusema.

"Wanaonipenda, bibi. Kila mmoja alitaka kujua kama imekomaa, na hakuna aliyeweza kungoja."

Kizee akautia mkono kwenye lile pango, akaupitisha ukingoni kote, akachungulia ndani. Halafu akacheka mpaka kilemba kikamdondoka. Akawaambia kwamba mkate wa harusi yake yeye ulifungiwa sandukuni, ufunguo shingoni kwa mama yake, hewa haikuugusa miaka ishirini. Siku ya harusi katikati yake ilikuwa chungu kama siku ulipobanwa, na wageni waliinywa wakitazamana kama watu waliokula dawa. Chai inataka kupumua, akasema, na hii imepumua kupita kiasi. Haya, tuone kama itatosha.

Tunu akavunja ganda lote kwenye buli moja dogo. Akatia maji ya moto, akayamwaga papo hapo. Hayo ni ya kuiamsha chai, hayanywewi. Kisha akatia maji mengine, akahesabu pumzi tatu, akamimina. Akatia tena, akamimina. Akatia tena, akamimina.

Vikombe kumi vya kwanza vilikuwa vyekundu vya kuiva, vikinukia kafuri. Bi Mwantumu alikunywa, akafumba macho, akaanza kuyumba taratibu. Vikombe kumi vya pili vilikuwa tende. Mjomba mmoja wa Hoza, mtu mzito ambaye hakuwa amecheka tangu mvua za mwaka juzi, alimpa mbuzi shikamoo, na mbuzi akaitikia marahaba. Vikombe kumi vya tatu vilikuwa vyepesi, lakini ukimeza, utamu unarudi kooni kukuuliza umeenda wapi. Watu wakacheka bila sababu, wakatafuta sababu, wakaikosa, wakacheka zaidi. Shangazi Kibibi akatangaza mbele ya kadamnasi kwamba yeye ndiye aliyeichimba, tena anajivunia.

Lakini Tunu hakucheka. Alikuwa anatazama buli. Kikombe cha thelathini na tano kilikuwa na rangi ya majani makavu. Cha thelathini na nane kilikuwa na rangi ya jua la asubuhi. Cha arobaini kilikuwa cha Hoza, naye akakinywa chote, akaapa kwa mama yake kwamba ni chai.

Wote wamepata. Likabaki neno.

Tunu akajimiminia kikombe chake. Ukitazama, unaona chini. Akanusa, akanywa, akafumba macho. Hata mbuzi akasogea asikie.

"Bado kidogo," akasema Tunu.

Hoza akaketi chini pale pale aliposimama. Bi Semeni akashika kichwa. Tunu akanyoosha kikombe.

"Nyinyi mmeonja miaka kumi na minane. Mimi ndiyo kwanza leo. Niongezeeni."

Mama yake akammiminia. Tunu akanywa polepole, akamtazama Hoza aliyekuwa anatokwa na jasho.

"Bado kidogo."

Akamiminiwa cha tatu. Hicho kilikuwa maji ya moto, wanangu, maji matupu yaliyopita karibu na chai. Akakinywa mpaka tone la mwisho, akapangusa midomo, na kicheko alichokizuia tangu asubuhi kikamtoka chote kwa mara moja.

"Imekomaa," akasema.

Vigelegele vilivyopigwa hapo viliwaamsha mpaka panya darini. Na mwaka uliofuata Tunu alipojifungua binti, akatengeneza mkate, akaupandisha darini, akashuka, akaiondoa ngazi, akailalia. Shazia akaipa mbuzi aifiche.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye machicha. Na wewe wa vijiko vinne, hebu lete hicho kikombe. Naonja tu.