Tatu Iliyosomeka Nane

Hospitali ilipoamua kuhamia mfumo huria wa kompyuta, kazi ya kuusimika alipewa fundi mmoja waliyembandika jina la Tayari, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila ombi. Kazi aliijua barabara. Kiburi pia alikuwa nacho, cha kumtosha yeye na jirani zake.

Skrini mpya za chumba cha dawa zilionyesha maandishi madogo kama sisimizi, hivyo akayakuza kwa robo. Programu zote zikatii, isipokuwa ile kongwe ya vipimo vya dawa. Hiyo haikujua kujikuza. Mfumo uliivuta tu kama picha, na herufi zake zikaingia ukungu.

"Mwanangu, tatu na nane sizitofautishi," mfamasia, mama wa makamo, alimlalamikia kwa simu.

"Nitumie picha ya skrini, mama."

Picha ikaja. Kwenye kompyuta ya Tayari, ambayo haikukuzwa, ilionekana safi kabisa, maana mfumo huinasa picha kabla ya kuivuta programu. Hilo alilijua fika, lakini alijitia hamnazo kwa sababu ngazi za kwenda chumba cha dawa, kule ghorofani, zilikuwa nyingi. Akaandika kwenye orodha ya kazi kwamba tatizo limekwisha.

"Huku naona vizuri. Tafuta miwani, mama yangu," akasema huku akicheka.

Mama yule alipiga tena, na tena. Simu ya tatu ilimkuta Tayari wodini, kando ya kitanda cha mpwa wake wa miezi minane, aliyelazwa kwa ugonjwa wa moyo. Dada yake, mama wa mtoto, alimsikia akijibu, "Nitakuja kesho, mama. Ukungu tu huo, si moto."

Kesho yake asubuhi mfamasia alisoma kipimo cha dawa ya mtoto yule, 0.3, kuwa 0.8. Kwa dawa ile ya moyo, na kwa mwili mdogo vile, tofauti hiyo ilikuwa sumu. Kufika adhuhuri mtoto alikuwa amekata roho.

Ndipo Tayari alipozipanda zile ngazi. Mfamasia alikuwa ameketi sakafuni, uso ameufunika kwa koti lake jeupe. Tayari akafungua mipangilio, akaiamuru programu ijichore yenyewe kwa ukubwa unaotakiwa, akaizima na kuiwasha upya. Tatu ikawa tatu, nane ikawa nane.

Alipogeuka, dada yake alikuwa amesimama mlangoni, amekumbatia blanketi tupu.

"Imekuchukua muda gani?"

"Dakika nne, dada."

Dada mtu alimtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza, kisha akaenda zake, na tangu siku hiyo hajamwita kaka. Ama kweli, mdharau mwiba, mguu huota tende.