Mlango wa Bure

Mtu mmoja alikuwa na mlango aliopewa bure, na siku hiyo alikuwa akigombana na fundi aliyempa.

"Umeingia tena!" Bi Sikudhani alisema. "Natoka bombani nakukuta jikoni kwangu, unafunua vyungu!"

"Nakagua bawaba," alijibu Makoye, seremala wa mtaa ule. "Na ufunguo mmoja kukaa kwangu ulikubali mwenyewe. Nilikuuliza, ukasema ndiyo, ndiyo, hata sijamaliza kusema."

"Bawaba ziko ndani ya chungu?"

Ni kweli alikubali. Siku ile wali ulikuwa unaungua, na mlango ulikuwa mzuri, wa mninga. Mtaa mzima ulipokea milango ya namna hiyo, na shada la funguo kiunoni mwa Makoye likawa zito. Aliingia nyumba za watu asubuhi, akaingia mchana. Hakuiba hata kijiko. Alitazama tu. Lakini unga ukipungua kwa mtu, muuza unga alifika kabla mwenye nyumba hajajua kwamba umepungua, na Makoye, aliyemdokeza, alipata chake. Watu walicheka, wakasema wamerahisishiwa maisha.

Mpaka alipoona dawa za kifafa chini ya godoro la Tunu, binti wa Bi Sikudhani. Kesho yake muuza dawa alisimama uani akazitaja kwa sauti, majirani wakasikia. Tangu hapo Tunu hakutoka nje.

"Mwanangu amefunga nguo zake," Bi Sikudhani alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka. "Anahamia kwa shangazi yake. Kule mlangoni kuna mkeka tu, lakini watu hupiga hodi. Nipe ufunguo wangu."

"Nikikupa, nang'oa na mlango."

Makoye alijua maneno hayo huwanyamazisha watu. Nani anataka kulala nyumba wazi?

"Ng'oa," alisema Bi Sikudhani.

Akaingia ndani, akatoka na mkeka wake wa kulalia, akaanza kuupima mlangoni. Jirani wa mkono wa kulia alipoona hivyo, naye akatoa wake, akaupima mlangoni kwake. Kisha yule wa ng'ambo. Makoye alishika nyundo, akautazama mtaa. Fundi ambaye milango yake inang'olewa mchana kweupe, nani atamwita tena? Akaiweka nyundo chini. Akachomoa ufunguo mmoja kwenye shada, kisha mwingine, hadi kiuno chake kikawa chepesi.

Jioni Bi Sikudhani alilia kidogo, halafu akala vizuri. Tunu akafungua furushi lake, nguo zikarudi kambani.

Sisi nasi tunabeba mlango kama huo mfukoni, wenye kioo cha simu, na tuliuitikia ndiyo huku wali ukiungua. Lakini aliyetengeneza mlango si mwenye nyumba.

Baada ya muda bawaba zililegea kweli, na Bi Sikudhani akamwita Makoye. Alifika na bisibisi yake. Mkono wake ulikwenda kwenye kitasa kwa mazoea, akaurudisha.

"Hodi," akasema.

Kisha sauti ya Tunu ikatoka nyuma ya mlango, ina kicheko ndani yake:

"Ngoja hapo hapo, fundi. Nikiwa tayari nitakufungulia."