Saini ya Daktari Mbwambo

Zahanati ya mlimani ilikuwa na nesi mmoja, Nakijwa, na kabati lililojaa dawa asizoruhusiwa kuzitoa mpaka Daktari Mbwambo apande kutoka mjini. Daktari alipanda Alhamisi tu, tena akipenda. Mkataba wa kumruhusu nesi atoe dawa za kawaida ulikuwa mezani tangu masika, haujasainiwa.

"Nikisaini, nani atanichinjia jogoo huku juu?" daktari alisema Alhamisi moja, huku akicheka. Akajitupa kwenye kiti chake, ambacho siku hiyo kilikuwa na mto mpya.

"Sawa, Daktari," Nakijwa alijibu. "Wagonjwa watangoja."

Kabla chai haijapoa, daktari alianza kujikuna mapaja, kisha mgongo. Mwishowe akasimama, akawa anajisugua ukutani kama ng'ombe, wagonjwa wakimtazama.

"Sista, nipe dawa ya kupaka. Haraka."

"Bila idhini ya daktari?"

"Kwani mimi nani?"

"Leo wewe ni mgonjwa. Si ulinifundisha mwenyewe kwamba daktari hajiandikii dawa? Labda tumwite mwenzako wa wilayani. Atafika kesho."

Daktari aliunyakua mkataba, akausaini huku akijikuna kwa mkono wa pili. Nakijwa akampa dawa, naye akashuka mlima bila hata kumuulizia jogoo.

Jioni, Nakijwa alivaa glavu, akaubeba ule mto kwa ncha za vidole hadi kichakani nyuma ya zahanati, akaukung'uta palepale alipochuma upupu asubuhi.